Kipandauso chenye aura na hofu ya kiharusi: jinsi nilivyojipanga

Kipandauso changu ni cha aina inayotanguliwa na aura. Kabla kichwa hakijaanza kugonga, huona doa dogo linalometameta, ambalo hutanuka polepole na kuwa upinde wa mistari iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno, kisha husogea pembeni hadi linapotoweka baada ya nusu saa hivi. Mara nyingine hufuatiwa na ganzi inayoanzia vidoleni na kupanda taratibu mpaka shavuni na kwenye ulimi, na ganzi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Maswali yake karibu yote yalihusu muda: dalili ilianzia wapi, ilisambaa kwa dakika ngapi, ilikwisha lini. Alinieleza kuwa aura hutokana na wimbi la umeme linalotambaa juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa milimita chache tu kwa dakika, wimbi ambalo mtafiti Mbrazili Aristides Leão alilieleza mwaka 1944, na kwa sababu hiyo dalili zake hujongea na kila moja kwa kawaida hudumu kati ya dakika 5 na 60. Kiharusi ni tofauti: mshipa wa ubongo unapoziba, nguvu, hisia au uwezo wa kuona hupotea kwa ghafla, na mgonjwa huona giza zaidi kuliko vimulimuli. Hakunificha pia kwamba kipandauso chenye aura huongeza takribani maradufu uwezekano wa kupata kiharusi cha aina hiyo, ingawa kwa mwanamke kijana uwezekano wenyewe bado ni mdogo, na kwamba hatari hupanda sana aura inapokutana na sigara na homoni ya estrojeni.

Sigara sivuti, lakini nilikuwa nikimeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambavyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavikataza kwa mwanamke mwenye aura, awe na umri wowote. Nikahamia vidonge vya projestini pekee, homoni nyingine, visivyo na estrojeni. Kwa maoni yangu, swali la aura lingepaswa kuulizwa kila mara kabla mwanamke hajaandikiwa vidonge vyenye estrojeni, kwani ni swali la dakika moja tu.

Shinikizo la damu sasa nalipima mara kwa mara, kwa kuwa ndilo kisababishi kikubwa cha kiharusi kwa watu wote, na pia kwa sababu dawa za jamii ya triptani ninazotumia kutuliza kipandauso hubana mishipa ya damu, hivyo hazimfai mtu ambaye shinikizo lake halijadhibitiwa wala aliyewahi kupata kiharusi. Katika daftari langu naandika saa ya kuanza, upande wa mwili, na kama dalili ilisambaa au ilizuka yote kwa pamoja.

Mume wangu naye anajua la kufanya: uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikwama ghafla, au aura ikipita saa moja, hatusubiri kuona kama itapita, twende hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na daktari atataka kujua saa hiyo kwanza.