Viti vya karto vilivyoturudishia mikono

Fundi wa mbao alitaka zaidi ya dola 100 kwa kiti kimoja cha kumshikilia mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Mshauri mmoja aliyepita darasani akasema tusihangaike, tungoje viti vya kuagizwa Ulaya. Tungengoja mpaka leo. Watoto wetu wanne wenye mtindio wa ubongo hawawezi kukaa wenyewe, na kilichotula pesa si viti, ni mikono: kila mtoto alipakatwa na msaidizi wake somo zima. Mishahara minne, na hakuna aliyebaki na mkono wa kushika picha wala kijiko.

Sasa wanakalia viti vya karto, yaani vya maboksi. Ndiyo, karto za biskuti na sabuni kutoka maduka ya Birere hapa Goma, nyingine za bure, nyingine kwa franka kidogo. Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ilizibeba zote. Gundi ni unga wa ngano: kikombe kimoja, koroga na maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne au vitano vya maji yanayochemka, koroga mpaka ing'ae. Paka nyembamba. Ikizidi haishiki zaidi, inachelewesha kukauka tu.

Pa kukalia nilipanga tabaka 10, mifereji ya kila tabaka, ile mistari ya mawimbi ndani ya karto, ikikatisha ile ya chini yake. Ikielekea upande mmoja yote, kiti kinajikunja kama daftari. Kisha mawe ya volkano juu yake usiku kucha. Hayo Goma hatununui. Tanguliza ubao, maana mawe yetu yana ncha na yataacha mashimo.

Kiti cha kwanza nilikiua mwenyewe. Ilikuwa Novemba, mvua kila mchana. Nikakigusa, nje kikavu kama ganda la mkate, nikakipaka rangi ya mafuta mbiombio ili nimwonyeshe mkurugenzi. Wiki mbili hazijaisha kikaanza kunuka. Nikakipasua kwa kisu: ndani ukungu mweusi, tabaka zinaachana kama kitunguu. Rangi ilikuwa imeyafungia maji ndani. Tangu hapo naazima mizani ya mama muuza maharagwe, ambaye bado anacheka. Napima kiti kila asubuhi. Uzito usipopungua siku tatu mfululizo, ndipo rangi. Kiangazi kiti kinakauka kwa wiki moja na siku kadhaa. Wakati wa mvua kitundike juu ya jiko, na panya wasikifikie, maana harufu ya unga wanaijua.

Vipimo: nyonga, magoti na vifundo vya miguu viwe nyuzi 90, nyayo zikanyage kitu. Kina cha kiti ni kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, toa vidole viwili. Ukikosea hapo mtoto atateleza mbele, nawe utailaumu karto. Anayekaza mapaja yakapishana, mwekee kigingi kati ya magoti. Wengi hukisogeza mpaka kwenye kinena ili kimzuie kuteleza. Kitamwumiza bure, kazi hiyo ni ya mkanda wa kiunoni. Kine wetu, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, alikagua kila kiti kabla mtoto hajakalia. Hapo usibane pesa.

Siku za mwanzo dakika 15 hadi 20, basi. Ukimtoa, kagua makalio na mgongo. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo gusa: pakibaki na joto au ugumu nusu saa baadaye, ongeza sponji au rekebisha umbo.

Kiti kimoja kilitugharimu kama dola nane, kumi hivi, rangi ikila nyingi. Wasaidizi wamebaki wawili. Wale wengine wamehamia darasa la viziwi, lililokuwa likiomba mtu tangu mwaka jana. Wazazi wanauliza mtoto akirefuka itakuwaje. Kina cha kiti nakizidisha kuliko kipimo, halafu nyuma ya mgongo naweka mto wa karto ambao haukugandishwa, umefungwa kamba tu. Mtoto akikua natoa tabaka moja. Wa mdogo wao ulianza na sita, sasa zimebaki nne.