Habari Yangu Ilikuwa Aya ya Nne

Watu wawili ninaowaheshimu waliniambia barua ya kuomba kazi ya uandishi wa habari ianze na mapenzi: nilivyoipenda kalamu tangu utotoni. Nikaandika hivyo, nikaambatisha na makala zangu zote 14, hadi za gazeti la chuo. Kimya. Nikatuma kwingine, kimya. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, maana ulinila karibu miezi minane.

Aliyenizindua ni mhariri mmoja mstaafu. Aliisoma barua mbele yangu, akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Mdogo wangu, habari yako iko hapa, aya ya nne. Huko juu kote hujasema kitu." Aya ya nne ndipo nilipotaja siku tatu nilizoshinda mahakamani kufuatilia kesi ya ardhi ambayo waandishi wengine waliiacha.

Nikaanza na kesi hiyo. Barua ikawa nusu ukurasa, makala zikabaki tatu. Jina la mhariri wa gazeti nililoomba kazi nililihakikisha kwa kupiga simu mapokezi, herufi kwa herufi, usilikisie kamwe. Kisha nikalisoma gazeti lenyewe wiki mbili mfululizo. Nikakuta habari ya daraja lililofungwa kwa matengenezo: tarehe ya kufunguliwa ilishapita, na hakuna aliyerudi kuuliza. Nikaenda mwenyewe, nikazungumza na msimamizi na wanaozunguka njia ndefu kila siku, nikaandika maneno 400. Hiyo ikawa makala ya nne.

Nikaitwa kwenye usaili. Tulipewa taarifa ya ajali tuigeuze habari kwa dakika 30. Majeruhi 31: wanaume 14, wanawake 9, watoto 6. Wenzangu walishaanza kuchapa. Mimi nikajumlisha, nikarudia, nikarudia tena: 29. Nikanyoosha mkono, nikamwomba msimamizi wa usaili namba ya msemaji.

"Ya nini?"

"Jumla haifiki, mheshimiwa. Wawili hawaonekani."

Akanitazama kidogo. "Msemaji hapatikani. Andika unachokijua."

Nikaandika kwamba taarifa inataja 31 ila mchanganuo wake unatoa 29, na kwamba msemaji hakupatikana kufafanua. Muda ulikwisha nikiwa na aya tano tu, wengine wamejaza ukurasa.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Sauti ile ile iliniuliza kama naweza kuanza Jumatatu, na kama lile daraja limeshafunguliwa.