Ubishi wetu kuhusu bustani ya Waingereza

Hapa kwetu Tabora kipindi cha bustani kinachotugawa watu wa nyumba moja kinatengenezwa mbali kabisa na sisi. Ni Gardeners' World cha BBC, ambacho shemeji yangu anayeishi Uingereza hutuletea kwenye flashi kila anapokuja likizo, misimu ya zamani ikiwa imechanganyika na mipya, kiasi kwamba jioni moja tunamtazama mtangazaji mmoja akipanda viazi na kabla ya kulala tumekwisha kumwona mwingine, katika bustani nyingine, akipanda viazi hivyohivyo kwa namna yake. Ubishi ulianzia hapo: ni lini kipindi hiki kilikuwa bora, na nani alikiharibu.

Waingereza wenyewe wamebishana jambo hili kwa muda mrefu. Kipindi kilianza mwaka 1968, wakati matangazo ya televisheni ya rangi yalikuwa bado mageni kwao, na bustani ilifaa sana kwa kuyaonyesha, maana ua jekundu katika televisheni ya zamani lilikuwa kijivu tu. Percy Thrower, aliyekiongoza tangu mwaka 1969, aliondolewa mwaka 1976 baada ya kusaini mkataba wa matangazo ya biashara na kampuni ya kemikali ya ICI. Geoff Hamilton akakiendesha kutoka bustani yake ya Barnsdale hadi alipofariki ghafla mwaka 1996, kisha Alan Titchmarsh akazipeleka kamera nyumbani kwake Hampshire. Alipoondoka yeye ndipo jambo muhimu lilipobadilika: Monty Don aliyeanza mwaka 2003 hakutangazia kwake, bali katika bustani ya Berryfields iliyokuwa ya kipindi. Mwaka 2008 alipata kiharusi kidogo akapumzika, nafasi yake akapewa Toby Buckland, na bustani mpya ikaandaliwa Birmingham, ikaitwa Greenacre.

Hapo malalamiko yakapamba moto. Wako watazamaji wa siku nyingi waliosema kipindi kimerahisishwa mno, kimejaa mbwembwe, na kinawasemesha watu wazima kama watoto. Wako pia waliofurahi kwamba hatimaye mtu asiye na eneo kubwa wala fedha nyingi anafundishwa jinsi ya kuanza. Mwaka 2011 Monty Don akarudishwa, safari hii akitangazia nyumbani kwake Longmeadow, Herefordshire, na wale waliokuwa wamenuna wakanyamaza, huku wengine wakianza kulalamika kwamba bustani ya mtu mwenye nafasi kama ile haiwahusu.

Mjomba wangu, bwana shamba mstaafu, yuko upande wa Buckland bila kuyumba. Anasema yule bwana alisomea kazi yake na inaonekana mikononi. Nimemwona akisimamisha picha mara tatu ili atazame jinsi mche wa nyanya unavyofukiwa hadi karibu na majani ya kwanza, kisha akatuamuru tuangalie kidole gumba kinavyovunja vichipukizi vya pembeni badala ya kuvikata kwa kisu kinachoweza kuhamisha ugonjwa kutoka mche hadi mche. Kuhusu Monty Don, ambaye alijifunza mwenyewe bila kusomea bustani chuoni, kauli yake ni fupi: "Mpwa wangu, huyu msimu mzima hajanitajia nafasi kati ya mstari na mstari. Anatembea na mbwa tu."

Mke wangu humjibu kwamba mbwa ndiye aliyemfanya atazame. Nigel, yule mbwa mwenye manyoya ya dhahabu aliyekuwa akimfuata Monty Don na mpira mdomoni, alifariki mwaka 2020, na habari hiyo ilipofika hapa kulikuwa na ukimya ambao sikuutarajia kwa mnyama wa watu tusiowajua. Mke wangu anasema hana haja ya kufundishwa kupanda tulipu, ua ambalo linahitaji miezi ya baridi kali na kwa joto letu halina mahali. Anataka kukaa saa nzima akitazama mtu asiye na haraka. Ndiyo maana kipindi kiliporefushwa kutoka nusu saa yeye alishangilia na mjomba akaanza kusinzia katikati.

Mimi nawaona wote wawili wanamjadili mtangazaji ilhali kilichowagusa watazamaji zaidi ni swali la bustani kuwa na mwenyewe. Greenacre ilinikumbusha vipando vya Nane Nane pale Ipuli: mistari imenyooka, kila zao lina kibao, maji hayakosekani, na mwezi Agosti, wakati bustani zetu zinaishi kwa keni na ndoo za jioni, kule kila kitu ni kijani. Mtu anajifunza, sikatai, na mjomba amewahi kusimamia vipando hivyo kwa fahari. Lakini hakuna anayejua kipando kile kimekuwaje mwezi Novemba mvua zinapoanza, kwa sababu hakuna aliyebaki nacho.

Longmeadow ina Novemba yake. Vichaka vya mapambo vya Buxus ambavyo Monty Don alivipanda na kuvipogoa miaka mingi vilipopata ugonjwa wa ukungu alilazimika kuving'oa, na mtazamaji aliyeviona vikinyooka mwaka hadi mwaka aliiona pia nafasi tupu iliyobaki na yale yaliyopandwa badala yake. Somo la namna hiyo haliandikiki kwenye kibao.

Kuhusu video ambazo watazamaji walianza kutuma kutoka bustani zao wakati wa korona mwaka 2020, na ambazo zimeendelea kupewa nafasi, nimeshangaa kuona mjomba na mke wangu wakikubaliana: wote wanazipenda. Mimi naziona ni nyingi mno.

Hata hivyo, hoja yangu ina gharama ambayo mjomba huichomoa kila nikielekea kushinda. Bustani ikiwa ya mtangazaji, siku akiondoka anaondoka nayo. Hamilton alipofariki, kamera zilihama Barnsdale, ingawa bustani yenyewe ilibaki na wageni wanaendelea kuitembelea. Monty Don alizaliwa mwaka 1955, na swali la nani atamrithi limekwisha kuwa mada ya mabishano huko kwao. Mjomba anataka BBC inunue eneo lake na kuajiri mtaalamu, basi. Mimi ningependa watangazaji waliopo wapokezane, kila mmoja akionyesha kwake, kama Adam Frost anavyofanya mara kwa mara, hata kama nyumba ya mmoja ina kiwanja kidogo na ya mwingine ina udongo mbaya. Mke wangu ameuliza kama huyo Adam Frost ana mbwa.