Jinsi nilivyomsomea Baba kifo cha mtu mwingine

Daktari alituita mimi na kaka yangu kwenye korido, akafunga taratibu mlango wa chumba cha Baba, akasema ini limekwisha. Kisha akaongeza: msimwambie mzee, mtamvunja moyo. Tulikubali haraka mno, kama watu walioondolewa mzigo. Tukamrudisha nyumbani Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na kwa wiki tatu kila mtu akawa mwigizaji. Mama alisema ni malaria iliyokaa sana mwilini. Kaka alisema ni dawa ndizo zinazomchosha. Mimi ninayefundisha Kifaransa sekondari, ambaye kazi yangu ni kueleza maneno, nilirudia "utapona, Baba" mpaka sentensi yenyewe ikaisha ladha.

Baba alikuwa fundi umeme wa migodini. Mtu kama huyo humdanganyi kuhusu waya uliokatika.

Nilipoamua kumsomea, sikuanza na kitabu nilichomaliza nacho. Nilianza na mshairi Mwana Kupona, nikidhani Kiswahili kitatosha. Utenzi wake aliutunga mwaka 1858, huko pwani ya kaskazini ya Kenya, akiwa mgonjwa, ili amwachie bintiye wasia. "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati": anamwita mtoto asogee karibu. Nilisoma beti kama ishirini. Kiswahili kile na hiki chetu cha Lubumbashi ni ndugu wasiotembeleana, kwa hiyo nilifafanua kuliko nilivyosoma. Baba akasikiliza kwa heshima, halafu akaniuliza mimi bintiye, "Mama, huyu bibi anamfundisha binti yake kumtunza mume. Wewe wa kwako yuko wapi?" Tukacheka, ikaishia hapo.

Lugha haikuwa tatizo peke yake. Mwana Kupona anajua anakufa, na anasema. Sisi ujasiri huo tulikuwa hatuna. Tulihitaji hadithi yenye nyumba ya waongo kama yetu.

Nikakumbuka Kifo cha Ivan Ilyich cha mwandishi Mrusi Tolstoy, ambacho nilikuwa na nakala yake ya Kifaransa isiyo na jalada. Kilitoka mwaka 1886, kina sura 12, nyingi fupi. Niliogopa jina lake, nikamwambia Baba ni hadithi ya hakimu wa Urusi. Wakati wa mapumziko shuleni nilisoma sura kwa penseli mkononi. Usiku nilimsimulia kwa Kiswahili chetu, kitabu kikiwa mapajani ili aone sibuni. Umeme ukikatika tuliwasha taa ya chaji. Majina ya Kirusi niliyapunguza bila huruma, na sura ya pili, yenye vyeo na uhamisho wa hakimu, niliimaliza kwa dakika kumi. Tolstoy anisamehe.

Siri haikudumu hata usiku mmoja, maana kitabu kinaanza na kilio. Wenzake wa kazini wanaona tangazo la kifo gazetini, na jambo la kwanza linalowajia ni nani atapata nafasi yake. Mmoja anakwenda kuhani huku akiwaza mchezo wa karata wa jioni. Mjane mwenyewe, kati ya machozi, anamchunguza rafiki wa marehemu kama kuna njia ya kupata pesa zaidi serikalini. Nilikuwa nasoma huku nimeinamisha uso. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Hao ni watu wa hapa kabisa," akasema. "Soma tena pale pa karata."

Usiku wa sura ya tatu hakimu alipanda ngazi kumwonyesha fundi namna ya kutundika pazia, akateleza, akagonga ubavu. Ugonjwa wote unaanzia hapo, kwenye pazia. Baba alikasirika kikazi. "Amepanda bila mtu wa kushika ngazi chini?" Siku mbili alimweleza kila aliyekuja kumjulia hali habari za ngazi hiyo, na wageni wakadhani homa imepanda.

Halafu ikafika sura ya saba. Madaktari walikuwa wamekwisha kubishana kama ni figo au kidole tumbo. Mke anamlaumu mgonjwa kwa kutokunywa dawa vizuri. Kinachomuumiza Ivan kuliko maumivu ni uongo: kila mtu anajua anakufa na kila mtu anajifanya ni ugonjwa wa kupita. Anayekataa kucheza mchezo huo ni mmoja tu, Gerasim, kijana wa shamba anayetumika nyumbani humo. Ivan anapata nafuu miguu yake ikiinuliwa, basi Gerasim anaiweka mabegani mwake na kukaa hivyo usiku. Anamwambia waziwazi kwamba sote tutakufa, kwa nini asijitaabishe kidogo kwa ajili yake?

Nilifunga kitabu. Miguu ya Baba ilikuwa imevimba wiki nzima, tukiiwekea mito.

"Huyo kijana alimwambia?"

"Alimwambia, Baba."

"Basi inua ya kwangu."

Nikakaa mwisho wa kitanda, nikaiweka mabegani. Ilikuwa mizito kuliko nilivyotegemea, na ya baridi. Baada ya muda akasema, "Ini?" Nikasema, "Ini." Akauliza kama tuna miezi. Nikamwambia daktari hakutaja miezi. Akashusha pumzi, akaniambia nisishushe miguu bado. Tangu usiku ule aliniita Gerasimu, hata mbele ya wageni wa kanisani, na sikuona haja ya kuwaeleza.

Sura ya kumi na moja ndiyo iliyotufikisha nisipopategemea. Ivan anajiuliza: na kama maisha yangu yote sikuyaishi inavyopasa? Nilisoma sentensi hiyo mara mbili kwa sababu Kiswahili chake kilinisumbua. Kimya. Kisha Baba akaanza kuzungumzia mwaka 2003.

Mwaka ule maelfu ya wafanyakazi wa migodi wa Katanga walitia sahihi kuondoka kazini kwa hiari, wakapewa pesa mkononi. Baba alikuwa mmoja wao. Alinunua basi dogo la mtumba, likafa barabara ya Likasi kabla ya miaka miwili. Nyumbani kwetu basi lile halikutajwa kamwe.

"Watu wanadhani ninajutia basi," akasema. "Basi ni chuma. Ninajutia kwamba nilitia sahihi bila kumwuliza mama yako."

Kutoka nyuma ya pazia la mlango, ambako tulidhani amelala, Mama akajibu: "Nilijua asubuhi ile ile. Ulivaa suti siku ya kazi."

Miaka mingi ya ndoa, na mazungumzo hayo yalingoja hakimu wa Urusi.

Wakati huohuo kaka alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa lupango letu, kiwanja tunachokaa. Mpango wake ulikuwa tuuze, tumpeleke Baba India. Simlaumu, alitaka kufanya kitu, na kukaa kumwinua mtu miguu hakuonekani kama kitu. Jumapili Baba akatuita wote. Akasema mwaka 2003 aliamua peke yake, safari hii Mama aseme. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasema, bila kuinua uso, "Tunabaki." Kaka akatoka nje, akarudi baada ya saa nzima na barafu kwa ajili ya kinywa cha mgonjwa.

Kitabu tulikimaliza. Mwishoni Ivan analia kwa sauti siku tatu, kisha anawahurumia mke na mtoto, na mahali palipokuwa na kifo anaona mwanga. Baba hakuridhika. "Alijuaje? Alikufa akarudi kuandika?" Nikamweleza kwamba Tolstoy aliishi miaka mingine zaidi ya ishirini, na mwaka 1910, akiwa na miaka 82, alitoroka nyumbani usiku akimwachia mkewe barua, akaugua njiani na kufia kwenye kituo kidogo cha treni.

"Unaona," Baba akasema. "Naye hakumwuliza mke."

Mwanga ule hakuutaka tena. Alichotaka turudie ni sura ya kwanza, na alikuwa na sababu: alitaka tubashiri nani atakuja kuulizia baiskeli yake. Tukaandika majina manne kwenye daftari langu la shule, yeye akicheka bila sauti, maana nguvu zilikuwa zimebaki kidogo.

Siku ya pili ya kilio, watu wakiwa wamejaa uani, bukari, ugali wetu, ikipikwa kwenye sufuria za kuazima, baba mdogo akanivuta pembeni, akanipa pole ndefu, kisha akauliza kama ile baiskeli bado inatembea. Alikuwa namba tatu kwenye orodha. Nilijifunika uso kwa kitenge, na walioniona mabega yakitikisika wakaja kunishika.