Mkaa Ndani ya Chokaa

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili Dar es Salaam, na mwalimu wa historia alitupa kazi ya likizo: kurasa mbili kuhusu Livingstone na Bagamoyo. Wenzangu walijua watanakili kitabu. Mimi nilikuwa na mjomba aliyekaa Dunda, hukohuko Bagamoyo, nikajiona nimeshafaulu.

Mjomba alikuwa fundi mwashi. Alijifunzia kazi kwenye chokaa, si kwenye saruji, maana babu alikuwa mchoma tanuu, na hadi leo mama akikumbuka utoto wake anaanza na moshi. Nilipomwambia nataka kwenda Misheni kuona nyumba ya mapadre, alivaa kofia yake ya viua, akachukua bakora ambayo hakuihitaji, tukatoka.

Kwenye ile njia ndefu ya miembe tulikutana na sista mzee. Akatusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikamwangalia mjomba na kofia yake. "Milele amina," akajibu, bila hata kupunguza mwendo. Sista akacheka. Walikuwa wanafahamiana tangu zamani. Mjomba alishawahi kuwazibia paa linalovuja.

Mzee aliyetutembeza alianza na mbuyu, uliopandwa mwaka 1868, mwaka huohuo mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni chini ya Padre Antoine Horner. Akatuonyesha kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye gome. Nilidhani ni wa watumwa, nikafungua daftari haraka. Kumbe inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, mama mmoja wa Kifaransa, alimfungia hapo punda wake, mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza. Nilifuta nilichoandika. Mjomba akaniambia niache vilevile, mwalimu hatajua.

Kisha tukaenda kwenye mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Mwongozaji alilisimulia vizuri sana, na sauti aliishusha alipotaja usiku ule ambao maiti ililala kanisani kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London kuzikwa. Niliandika kila kitu. Mjomba aliuliza swali moja tu: waliombeba walikuwa kina nani? Akaambiwa Chuma, Susi na wenzao wengi. "Miezi tisa na maiti begani," akasema, akatikisa kichwa. Mnara wenyewe hakuutazama sana.

Makumbusho yako kwenye nyumba waliyokuwa wakikaa masista. Tuliona pingu, picha za zamani, watoto waliokombolewa utumwani wamesimama kwa mistari wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Nikiri kwamba nilipita harakaharaka. Pingu zinamnyamazisha mtu, na nilikuwa na miaka kumi na tano.

Aliyekawia ni mjomba, na alikawia kwenye nyumba ya mapadre, ambayo kwa macho yangu haikuwa na cha kuandika. Ni jumba kubwa la ghorofa lenye vibaraza na matao, lililoanza kujengwa mwaka 1873. Mimi nilitaka kujua Padre Horner alilala chumba gani. Mjomba alikuwa amesimama na ukuta. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasogea hatua, akagonga tena, sikio likiwa karibu kama daktari anayesikiliza kifua.

"Matumbawe," akasema. "Jiwe la baharini. Likitoka majini ni laini, unalichonga kwa shoka. Ukiliacha juani linakaza."

Kisha akanipa somo ambalo sikuliomba. Unapanga magogo duara, juu yake unarundika mawe ya matumbawe, unatia moto, tanuu linaungua usiku kucha na mchana wake. Mawe yakishaiva unayamwagia maji, yanachemka yenyewe na kupasuka, yanakuwa unga. Unachekecha. Unauacha ulale. Mwenye haraka asijenge kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo, alisema, unapumua: maji ya mvua yanaingia na yanatoka. Akanitajia nyumba moja ya mjini ambayo mwenye nyumba aliipiga lipu ya saruji juu ya chokaa ili ing'ae. Chumvi ikakosa pa kutokea, misimu mitatu lipu ikadondoka na vipande vya ukuta. Hilo lilimuuma kuliko habari yoyote tuliyosikia siku ile.

Nilijikuta naandika. Tanuu, magogo, kuchekecha, kulala. Kurasa mbili zikajaa.

(Nilipata tisa kati ya ishirini. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Livingstone yuko wapi?" Ilikuwa haki yake, nilimpa mistari minne. Daftari bado ninalo.)

Kabla hatujaondoka, mjomba aliniita nyuma ya nguzo, mahali ambapo lipu ilikuwa imebanduka kiasi cha kiganja. Akanishika kichwa akakisogeza karibu. Ndani ya chokaa kulikuwa na kipande cha kombe, cheupe, kilichokataa kuungua. Pembeni yake kulikuwa na vidoa vyeusi, vingi, vingine vikubwa kama punje ya choroko.

"Unaona nini?"

"Uchafu, mjomba."

"Mkaa. Wa tanuu." Alisugua kimoja kwa ukucha, kikaacha mstari mweusi kwenye kidole chake. "Chokaa ikichekechwa vizuri haibaki hivi. Babu yako angekutandika."

Nikauliza kwa nini basi mapadre walikubali. Hakujibu habari ya mapadre. Alitazama juu, ghorofa baada ya ghorofa, kisha akarudisha macho kwenye kile kitundu.

"Huyu alikuwa mtoto," akasema. "Jioni imeingia, mikono imebabuka na chokaa, wanamwita juu walete, walete. Akachekecha ndoo za mwanzo. Hii hakuichekecha."

Kipande kidogo kilikuwa kimedondoka alipokuwa akisugua. Mwongozaji alikuwa mbali, anafunga mlango wa makumbusho. Mjomba aliinama kwa taabu, akashika goti, akakiokota. Akakipuliza vumbi. Akakirudisha kwenye tundu lake, akakibonyeza kwa dole gumba, akasubiri kidogo kuona kama kitakaa.