Kipande cha Waya

Zamu ya saa kumi na mbili leo imegeuka kumi na nne, kisa kipande cha waya kidogo kuliko ukucha.

Nilikuwa nafunga plagi ya sumaku kwenye gia boksi kuu ya helikopta yetu ya Seahawk, plagi ile inayonasa vumbi la chuma gia zikianza kulika. Ukishaikaza unaipitishia waya mwembamba na kuusokota, mtetemo usije ukailegeza, kisha unakata ncha. Ncha ikaruka. Nikasikia "ting!", basi.

Ikinyonywa na injini au ikikwama kwenye mitambo ya usukani, kuna watu watakufa. Kwa hiyo ndege haitoki mpaka ipatikane. Tukashika tochi na vioo. Sumaku haikusaidia kitu. Waya wenyewe ni wa chuma kisichoshika kutu, sumaku haiushiki sawasawa.

Saa nazo zilikuwa zinakimbia. Kwenye meli ya kubebea ndege, helikopta hutangulia kuruka na hutua ya mwisho. Jeti zinapopaa, yenyewe iko pembeni ikingoja, huenda rubani akaangukia majini. Na ikining'inia chini juu ya bahari, panga zake zinajirushia zenyewe mvua ya chumvi. Ndiyo maana nusu ya kazi yetu ni kuosha: bodi, maungio ya panga, mpaka ndani ya injini zote mbili, kwa maji yasiyo na chumvi ambayo meli imeyakamua kutoka bahari hiyohiyo. Nikilifikiria hilo hucheka peke yangu. Ukizembea siku chache, kutu inachungulia kwenye vichwa vya ribiti.

Saa mbili tumepekua. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya paa la ndege, shingo imekakamaa, mkubwa wangu wa zamu aliponiita.

"Dogo, hebu kunjua mkono wa jezi."

Nikakunjua. Waya ukadondoka kwenye kiganja changu. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Mkaguzi wa jezi nyeupe akaja, akautazama waya, akahesabu spana zangu moja moja kwenye sanduku, ndipo akatia saini chini ya jina langu.

Alfajiri lifti ya meli imeipandisha ndege, panga zikakunjuliwa. Sasa nimejilaza kitandani na buti miguuni, nazisikiliza zinavyozunguka huko juu ya sitaha.