Gundi ya mgunga, pauni saba na nusu

Wakuu, leo nimenuna kuanzia dukani mpaka nimefika nyumbani. Nimeingia duka la vifaa vya uchoraji hapa Birmingham kutafuta wino, maana wa kwangu ulikuwa unasambaa kwenye karatasi kama chai kwenye kitambaa cha meza, kijana wa kaunta akasema ongeza matone ya hiki utaona, akanipa kichupa kama cha dawa ya kikohozi ya mtoto. Pauni 7.50. Pigeni hesabu wenyewe. Nipo kwenye basi nasoma lebo, gamu arabiki, nikaingia mtandaoni, kumbe ni gundi ya mgunga! Ile ile tuliyokuwa tunabandua kwenye miti tukichunga mbuzi kule Bahi, Dodoma, tunatafuna tumekaa kivulini, mbuzi wanaingia kwenye uwele wa watu, jioni fimbo. Ubuyu nilishazoea kuuona huku kwenye pakiti za kifahari, hilo nililimeza. Lakini gundi jamani?

Kumbe iliyo bora inatoka kwenye mgunga ambao wataalamu wanauita Acacia senegal, na Sudan ndio wanaongoza kuiuza duniani. Inashikisha rangi na kuupa wino uzito usikimbie. Nimeweka matone matatu na ukweli niuseme, imekubali, mstari umetoka mkali kama umekatwa kwa wembe. Ndo imeniuma zaidi.

Mtauliza mtu mzima mwenye mkopo wa kiwanja Nkuhungu ananunua wino wa nini. Baridi ya kwanza ilinikuta vibaya. Natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee giza, naamka saa tisa alasiri jua linaaga. Nyie mnaotaka kuja mnaulizaga viza na mshahara, hakuna anayeuliza siku ya off utakaa na nani. Wawili niliokuja nao wameishia kubeti. Mimi niliona tangazo la darasa la kaligrafia, yaani kuandika herufi za kupendeza kwa mkono, siku ya kwanza bure, na siwadanganyi, nilifuata hita.

Mwalimu ni bibi wa kizungu mwenye miwani ya kamba. Nilijua atacheka, mwandiko wangu tangu shule ni wa kuku aliyekanyaga wino. Hakucheka. Akaangalia mkono akasema unabonyeza sana. Basi. Na ni kweli, sisi tumekulia kwenye kalamu ya biki, unakandamiza mpaka ukurasa wa tatu unasomeka. Nibu pana, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya, haitaki hivyo, unene wa mstari unatokana na pembe, unaishika nyuzi 30 hivi unavuta kwa upole, ukiisukuma kwenda juu inakwama halafu inakutemea. Alafu nibu mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, usipoyafuta wino hausimami, mimi nilihangaika wiki nzima nikidhani nimeuziwa feki.

Kimo cha herufi ndogo tunakipima kwa upana wa nibu mara 4, yaani nibu ya milimita 2, herufi milimita 8. Hiyo hati tunayojifunza aliipanga mtaalamu wa kaligrafia Edward Johnston mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuchunguza miswada ya kale, ndiye huyo huyo aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London, zikaanza kutumika 1916. Na nibu za chuma zenyewe karne ya 19 zilitengenezwa kwa wingi wa ajabu hapa hapa Birmingham, napita kila siku mtaa wa viwanda vyake vya zamani nikielekea kazini na nilikuwa sijui.

Mwezi mzima niliandika o tu. Pigo la kushoto, inua kalamu, pigo la kulia. O tu! Nikitoka hapo ndo n. Dakika 20 kila siku kabla ya kuvaa sare, hata nikiwa nimechoka vipi, kwa sababu niliwahi kujifanya mjanja nikaacha wiki nzima nikakaa masaa matatu Jumapili, mkono ukawa mgumu kama nimelima. Kila karatasi naandika tarehe nyuma. Mwezi wa pili o zangu zilikuwa viazi. Mwezi wa kumi ni mayai, bado si duara, lakini ni mayai ya kuku mmoja. Ukitaka kujaribu usinunue chochote, funga penseli mbili kwa rababendi, ncha mbili ndo nibu yako pana, makosa yote unayaona.

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza Mpwapwa mpaka anastaafu, mwandiko na imla, chaki haikumtoka mkononi. Kila Jumapili namtumia picha ya karatasi. Mwanzo alijibu "Mungu akubariki mwanangu", nikajua pabaya. Juzi kanitumia voisi ndefu: o zimesimama sasa baba, nafasi kati ya r na i ni kubwa kuliko kati ya n na i, na hiyo s imelewa. Nikaicheza mara tatu kwenye basi. Bibi wa darasani naye Jumatano akasema hivyo hivyo kuhusu s, hawajuani hata.

Sasa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Nikajitolea kwenye grupu niandike majina kwenye bahasha za kadi, zote 150, kwa mkono, nizitume kabla ya mwezi wa kumi na moja. Mwenyekiti, binamu yangu kabisa, akajibu "kaka wewe punguza ahadi, kadi tunaprinti Majengo". Watu wakaweka vicheko. Ahadi nimepunguza nusu ili mnyamaze, na bahasha ya shangazi na ya mama naandika hata mkikataa.

Kwa hiyo kama kuna mdau anakuja huku kutoka Dodoma kabla ya Krismasi anicheki. Gundi ya mgunga, kikombe kimoja tu, madonge yale meupe-meupe, toeni maganda na sisimizi. Nitaiyeyusha mwenyewe na maji ya moto niichuje. Na msiionje njiani.